Mtu wa Sitaha ya Nyuma

"Kundi la maombi, Mama Gakii! Kundi la maombi! Si ungeenda tu redioni ukatangaza?"

"Punguza sauti. Mtoto anasikia."

"Mtoto? Kenya nzima imesikia!" Mutua alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya zamu za usiku, simu ameishika mbele yake kama kitu kinachonuka. "Unajua hii sauti yako imenifikia kutoka kwa nani? Clifford. Clifford wa Perth! Ananiuliza, 'Bro, hii sauti si ya bibi yako?'"

"Sikutaja kampuni. Sikutaja meli."

"Umesema kamera. Umesema kijana wetu mmoja kwenye meli ya samaki ya Wazungu, mkono umeoza, na wewe unamwona kwenye kamera kila siku ukiwa kazini. Sasa hapo umebakisha nini? Saizi ya kiatu?"

Nkatha alipaka siagi kwenye mkate wa Gakii kwa nguvu hadi mkate ukachanika. Akachukua kipande kingine.

"Niliomba aombewe. Ni wanawake wa kanisa, Baba Gakii. Nasali nao kila Alhamisi."

"Hao ndio wabaya zaidi! Hao hawawezi kukaa na ombi. Wakilipata asubuhi, mchana liko Meru, jioni liko Dubai." Alijishika kichwa. "Viza iko kwa jina la nani hapa? Lako. Mimi niko chini yako, Gakii yuko chini yako. Kampuni ikikufukuza tunafungasha. Umefikiria hilo, ama ulikuwa unalia tu?"

Alikuwa analia tu. Huo ndio ukweli, na Nkatha hakutaka kuusema. Jumapili, baada ya ibada, aliingia kwenye gari peke yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuongea huku kamasi zikimtoka. Hakufikiria viza. Alitaka tu mtu mwingine abebe ule mzigo naye.

"Leo unanyamaza," Mutua alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wakikuuliza, hujui kitu. Nyamaza, hii kitu ipite. Sawa?"

"Sawa."

Gakii, mwenye miaka minane, alikuwa amesimama kwenye korido na soksi moja. Aliuliza kwa Kiingereza kama wako matatani.

"Vaa viatu," alisema Nkatha.

*

Kazi ya Nkatha ni kuhesabu samaki kwenye skrini.

Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, ilisema bahari yake sasa ni yake, na samaki wake itawasimamia yenyewe. Basi ikabidi ijue ni samaki gani wanaotolewa na wangapi wanaotupwa tena majini wamekufa, maana meli ikizidisha mgawo wake humwaga ziada usiku na kuandika uongo mchana. Meli zikaanza kufungwa kamera. Lakini kamera haihesabu. Lazima mtu akae atazame wavu ukipanda, mikono ikichambua, masanduku yakijaa, saa baada ya saa. Kampuni moja ya Sydney, Australia, ikajitolea kufanya kazi hiyo kwa majaribio, kwa bei nafuu, katika ghorofa ya pili juu ya duka la vitanda, katika kitongoji cha Sydney kiitwacho Liverpool. Huko wakilala, huku watu wako macho. Nkatha alikuwa na diploma ya uvuvi kutoka chuo cha nyumbani, na kampuni ikamdhamini viza. Alipiga magoti sebuleni siku barua ilipofika.

Picha hazina sauti. Sura za mabaharia hufunikwa na mashine kabla hazijamfikia, kila mtu ana ukungu mahali pa uso. Jina la meli nalo hufichwa. Yeye huona namba tu. Mkataba unasema wazi: anayetazamwa ni samaki. Watu si sehemu ya kazi.

Alianza kumwona yule mwanamume wiki tatu zilizopita, kwenye sitaha ya nyuma, karibu na winchi, mtambo wa kuvutia wavu. Mweusi, mrefu, gambuti zimempwaya. Wavu ulipochelewa kupanda na baridi ikazidi, alisugua viganja vyake. Akapiga makofi matatu. Akasugua, akapiga matatu tena. Kisha akapiga kofi moja kubwa na kulisukuma mbele kwa mikono miwili, kama anamrushia mtu zawadi.

Nkatha alicheka peke yake mbele ya skrini. Makofi ya kilo! Hakuna mtoto aliyesoma shule ya msingi Kenya asiyeyajua. Mwalimu husema, mpigieni mwenzenu makofi ya kilo, na darasa zima husugua viganja. Huyu mtu alikuwa katikati ya bahari ya barafu akijipigia mwenyewe.

Baada ya hapo alimtafuta kila zamu. Alielewa pia alivyofika pale. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wamerudi makwao, na meli ziliajiri kutoka mbali, Ufilipino, Ghana, sasa Kenya, kwa viza ya kupita tu. Mtu wa viza ile anaruhusiwa kuwa melini. Nchi kavu si yake.

Kisha kamba ya winchi ikamshika mkono wa kushoto. Ilikuwa kwenye kona ya picha, ni kitambo kidogo tu. Akaukumbatia mkono kifuani. Nahodha alikuja, akautazama, akamfunga kitambaa na utepe wa gundi, na mfuko wa plastiki juu yake. Baada ya mapumziko mafupi mtu alirudi kuchambua samaki.

Nkatha alimwambia msimamizi wake, Leanne, siku ileile. Leanne alisema asante kwa kuliona. Kesho yake alisema amemwandikia mteja huko Uingereza, na mteja atalipitia pamoja na mambo mengine mwisho wa robo ya mwaka. Nkatha alitazama mkono ukivimba ndani ya plastiki hadi kiwiko. Jumamosi baridi ilikuwa kali, na yule mtu alisugua kiganja kimoja juu ya paja. Akalipiga paja mara tatu. Akasugua tena. Hakufika mwisho.

Ndipo Jumapili akarekodi ile sauti.

*

Kwenye treni simu ilimtetemekea mkononi mfululizo. Namba za Kenya asizozijua; lazima mtu wa kundi alikuwa ametoa namba yake.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kericho. "Habari dada, mimi ni Chepkoech. Hiyo sauti nimetumiwa na mwalimu wa kwaya. Huyo mtu ni ndugu yangu. Alienda na ajenti mwaka jana, hajui hata kuogelea. Niambie ni meli gani, tafadhali. Mama hali chakula."

Wa pili alikuwa mzee wa Kakamega. Alisema mwanawe wa mwisho ni mrefu hivyohivyo, na tangu shule alipenda makofi.

Wa tatu hakuandika kitu. Alituma picha: kijana amevaa suti ya harusi isiyomtosha, anacheka. Chini ya picha, alama ya kuuliza.

Nkatha aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana. Hakuwa na cha kulinganisha nayo. Yeye alijua gambuti, kofia ya sufu na ukungu. Familia tatu zilikuwa zinamdai mtu mmoja, na huenda hakuwa wa yeyote kati yao. Alitafuta namba ya walinzi wa pwani wa Uingereza, akaipata, akafunga ukurasa. Akaufungua tena. Msichana aliyeketi karibu naye aligeuka kumtazama, ndipo akagundua kwamba alikuwa akiguna kwa sauti.

Jina la meli alikuwa nalo. Mashine ilificha namba ubavuni na maandishi juu ya chumba cha nahodha, lakini ilisahau boya la kuokolea lililotundikwa ukutani, nyuma ya winchi. Upepo ulipoligeuza lilisomeka vizuri: Ellen Constance. Hakumwambia mtu. Hata kwenye ile sauti, pamoja na kamasi zote, hilo alilibakiza.

*

Leanne alikuwa anawasubiri mlangoni, Nkatha na mwenzake Candide.

Candide Irankunda alikaa meza ya pili. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, akaletwa Sydney na watoto wawili, na sasa alikuwa raia. Alikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Nkatha alimpenda kwa sababu hakuuliza mambo ya watu.

"Naomba dakika zenu chache," alisema Leanne, kwa Kiingereza chake cha upole. "Nyinyi wawili mnaongea Kiswahili, si ndiyo?"

Walikaa kwenye chumba kidogo cha mikutano. Leanne aliweka simu yake mezani. Mtu fulani, alisema, ametuma kitu kwenye kurasa za kampuni zote za kamera za meli, hata yao, anauliza kama ni kweli. Yeye haelewi hata neno. Akabonyeza.

Sauti ya Nkatha ikajaa chumbani. Ilikuwa nzito, ina kikohozi na kilio, si ile ya kusalimia watu asubuhi. "Wapendwa, naombeni mnisaidie kubeba jambo..." Nkatha alitazama meza. Hakuthubutu kumtazama Candide. Sauti haikwisha. Mungu wangu, aliongea kiasi gani?

Ilipokwisha, Leanne alimgeukia Candide, si yeye. "Anasema nini?"

Candide alijikuna shingo polepole.

"Ni mama anaomba," alisema.

"Anaomba nini?"

"Anaomba Mungu. Kwa wavuvi. Watu wa baharini, wagonjwa, watu kama hao. Ni maombi ya kanisa, yako hivyo, marefu."

"Nimesikia neno kamera. Mara mbili."

Nje, basi lilipiga breki.

"Anasema Mungu anaona kila kitu," alijibu Candide bila kupepesa. "Kama kamera."

Leanne alimtazama, kisha akamtazama Nkatha. "Nawe umesikia hivyo?"

"Ndiyo," alisema Nkatha.

"Sauti mnaifahamu?"

"Hapana," alisema Candide. "Wamama wote wanalia sawa."

Leanne alicheka kidogo, akaonekana kupumua. Akasema vizuri, ila mteja ataitafutia mtafsiri wake mwenyewe, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kesho, pengine keshokutwa. Kisha, akiwa amesimama tayari, alisema anataka kukumbusha kila mtu kuhusu usiri. Mkataba huu wa majaribio ukiisha vizuri, kazi ni ya miaka mingi. Ukivunjika, hakuna mtu wa kuweza kudhaminiwa. Alisema hivyo kwa huruma kabisa.

"Na yule mtu?" Nkatha alijisikia akiuliza. "Wa mkono?"

"Nililipeleka, Nkatha. Kuna utaratibu." Leanne aligusa bega lake. "Hebu tufanye yale tunayolipwa kuyafanya, sawa?"

*

Candide alimvuta hadi kwenye jiko dogo la ofisi, akafungulia bomba ili maji yapige kelele.

"Weye dada una wazimu? Umenitia uongo mdomoni, asubuhi yote hii, sijanywa hata chai!"

"Nisamehe."

"Kama kamera! Nimemsingizia Mungu mbele ya shefu Leanne."

"Candide, nisaidie kitu kimoja. Wewe ni raia. Hakuna wa kukurudisha popote. Jina la meli ninalo, na namba ya walinzi wa pwani ninayo. Piga wewe. Dakika mbili tu."

Candide alifunga bomba. Akalifungua tena.

"Raia anakula, dada. Watoto wangu wanakula kwenye hii biro, hii ofisi. Nani atamwajiri Candide, hana hata cheti cha shule? Nirudi kusafisha hoteli, na huu mgongo?" Alisogea karibu. "Kambini walituhesabu kila mwezi. Tulisimama kwenye jua, mzungu na kalamu. Mume wangu alikuwa na homa siku hiyo, nikawaambia, huyu anakufa. Wakasema, leo ni kuhesabu, daktari ni Jumatatu. Wakamhesabu. Yuko kwenye hesabu yao ya mwezi ule." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Mimi nimekusaidia pale ndani. Pale ndio mwisho wangu. Usiniombe tena."

Candide akaondoka na kikombe kitupu.

*

Picha mpya zilikuwa zimefika. Meli zilizo mbali huzirusha kwa setilaiti, zikachelewa saa chache tu. Nkatha alivaa miwani na kubonyeza.

Sitaha ya nyuma, taa kali, mvua inalala kwa upepo. Wavu ulipanda. Mtu mfupi ambaye hakumfahamu alikuwa mahali pa yule mrefu. Nkatha alisogeza kiti mbele. Macho yalizunguka skrini: winchi, meza ya kuchambua, masanduku. Akamwona. Alikuwa ameketi juu ya masanduku, mgongo ukutani, chini kidogo ya lile boya. Mkono ulikuwa umetolewa kwenye plastiki. Ulikuwa na rangi ambayo mkono hauna.

Mashine ilitoa mlio mdogo. Weka idadi.

Aliweka idadi. Samaki wakubwa, samaki wachanga, waliotupwa. Vidole vyake vilijua kazi bila yeye. Juu ya skrini, kijisanduku cha kijani kilimzunguka kila samaki kwenye meza, hata yule asiyezidi kiganja. Juu ya masanduku hakukuwa na kijisanduku.

Wavu wa pili ulipanda na yule mtu hakuinua kichwa. Nahodha alitoka, akamsukuma bega kwa ncha ya buti, si kwa ukatili, kama mtu anayeangalia kama gurudumu lina upepo. Yule mtu aliinamia upande, akaendelea kuinama hadi akalala. Wawili wakamshika makwapa na miguu. Walipomgeuza kuingia mlangoni, mkono wake mzima ulinyoosha vidole na kushika kizingiti. Walilazimika kuvitoa kimoja kimoja.

Basi alikuwa hai. Alikuwa bado na nguvu za kushika.

Sasa watarudi bandarini, alijiambia Nkatha. Lazima warudi. Alifungua ramani pembeni, ule mstari wa njia ya meli unaosaidia kujua wamevua wapi. Mstari ulitoka pwani, ukazunguka, ukaenda kaskazini magharibi. Alisubiri alama mpya. Ilitokea mbali zaidi na nchi. Nyingine, mbali zaidi. Kwenye picha, watu wale walikuwa wanashusha wavu tena.

Mgawo wao haujajaa, alielewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na hesabu. Walibakiza masanduku, na wasingerudi mpaka yajae.

Alikaa. Alifikiria Gakii na soksi moja. Alifikiria chumba cha mama mkwe Machakos, godoro sakafuni, Gakii akijaribu kuongea na binamu zake kwa Kiingereza na wao wakimcheka. Alimfikiria Mutua, aliyekuwa amelala sasa hivi, kichwa chini ya mto ili mwanga usimfikie, akiamini neno lake. Alikuwa amesema sawa. Alifikiria kesho: mtafsiri fulani, labda Mtanzania mstaarabu mwenye ofisi yake, akiandika kwa herufi safi kila neno alilolia. Kwa hiyo kunyamaza nako kulimnunulia siku moja, labda mbili. Hakujua kama hiyo ndiyo sababu iliyomfanya ainuke. Baadaye angeambiwa aeleze, na asingeweza.

Alinakili tarakimu za alama ya mwisho ya ramani kwenye kiganja kwa kalamu. Akaenda kwenye makabati ambamo wafanyakazi huacha simu zao, akafungua lake. Ufunguo ulikataa kwanza, ukakubali. Kulikuwa na ujumbe wa Mutua, alioutuma kabla ya kulala: Umenyamaza? Hakuujibu. Kutoka nje kungempitisha mbele ya chumba cha Leanne na maswali yake, na hakujiamini kwamba angefika barabarani bila kubadili mawazo. Akabonyeza namba palepale kwenye korido.

Ililia mara mbili. Mwanamume akajibu, sauti iliyochoka lakini iko macho. Huko kwao usiku ulikuwa umekwenda.

"Kuna mtu mgonjwa sana melini," alisema Nkatha kwa Kiingereza, kwa sauti aliyotaka iwe ya chini na ambayo haikuwa. "Mkono umeoza. Amepoteza nguvu, wamembeba ndani. Meli haimrudishi."

"Meli gani, mama?"

"Ellen Constance." Akasoma tarakimu kwenye kiganja, akazirudia. Jasho lilikuwa limeanza kuifuta ya mwisho, akaisoma hiyo kwanza mara ya pili.

Vidole vyote ofisini vilikuwa vimesimama. Candide hakugeuka, mgongo wake tu ulikuwa umenyooka. Leanne alitoka chumbani kwake.

"Wewe uko kwenye meli hiyo?"

"Hapana. Niko Liverpool."

"Liverpool? Basi uko jirani na..."

"Liverpool ya Australia. Sydney. Naitazama meli hiyo kwenye kamera. Ni kazi yangu."

Upande wa pili kibodi ikaanza kulia, haraka. Mtu aliitwa kwa jina. Mtu mwingine akasema anaiona, iko pale.

"Nkatha," alisema Leanne. Alikuwa amefika karibu kabisa, uso mweupe, mkono ameunyoosha kuiomba simu. "Nkatha, tafadhali. Kata. Bado hujasema jina lako. Kata sasa hivi, nitajua cha kufanya."

"Nahitaji jina lako kamili," ilisema sauti sikioni. "Bila jina nahodha atasema ni mzaha, nami nitapoteza saa nzima kubishana naye."

Nkatha alimtazama Leanne. Alimwona vizuri, kila kitu usoni mwake, hata hofu yake mwenyewe ya kazi.

"Nkatha," alisema kwenye simu. "Nkatha Mutua."

"Nitajie, tafadhali. Herufi moja moja."

Aliegemea makabati, akafumba macho, na kuanza kumtajia.